Makaburi ya Kanisa la Trinity, New York: Yanayosemwa na Ukweli Wake

Wengi hudhani kanisa lilijengwa kwanza, makaburi yakafuata. Sivyo. Trinity, kanisa la Kianglikana linalotazamana na Wall Street, lilipata hati yake ya kuanzishwa mwaka 1697. Lakini jiwe kongwe kuliko yote uani pake ni la Richard Churcher, mtoto wa miaka mitano aliyefariki 1681. Jengo la kwanza liliteketea katika moto mkubwa wa 1776, na hili la leo, ambalo ni la tatu, liliwekwa wakfu 1846.

Utasikia pia kwamba Alexander Hamilton, aliyezikwa hapo, aliwahi kuwa rais. Hakuwa. Alikuwa waziri wa kwanza wa fedha wa Marekani, akafa 1804 kwa risasi ya Aaron Burr, aliyekuwa makamu wa rais wakati huo. Mkewe, Eliza, aliishi ujane wa miaka 50, kisha akalazwa karibu naye.

Dhana inayoniuma zaidi ni ile isemayo kwamba waliojenga mji huu wamelala katika ua huo. Ukuta ulioipa Wall Street jina lake ulijengwa enzi za Wadachi, na miongoni mwa walioujenga walikuwemo Waafrika watumwa. Oktoba 1697, mwaka uleule wa hati, wazee wa kanisa walipiga marufuku Waafrika kuzikwa uani. Ikabidi wafiwa wabebe maiti zao hadi nje ya mji. Baadaye makaburi hayo ya nje ya mji yalifukiwa, majengo yakapandishwa juu yake, na watu wakasahau. Wakasahau hata kwamba utumwa haukuwa wa majimbo ya Kusini peke yake: huko New York ulikomeshwa 4 Julai 1827.

Mwaka 1991, wachimbaji wa msingi wa jengo la ofisi za serikali walikutana na mifupa ya Waafrika hao. Yalitolewa mabaki ya watu 419, karibu nusu yao watoto. Mifupa ya watu wazima ilikuwa na alama za kubebeshwa mizigo mizito mno. Walizikwa upya Oktoba 2003, katika majeneza yaliyochongwa Ghana.

Kutoka hapo hadi Trinity ni kama kilomita moja. Kule, jina la mtoto Richard limechongwa kwenye jiwe. Huku, watoto walitambuliwa kwa namba.