Nani anacheza Jumatano mchana? Wafilipino wa ughaibuni na ajira ya jukwaani

Nikiwataja Wafilipino mbele ya wasanii wenzangu, hakosi mtu wa kuruka na jibu lile lile: "Hao wamezaliwa na sauti." Ushahidi wao ni karaoke, na zile bendi za Kifilipino zinazopiga kwenye hoteli kubwa za Dubai, Doha na Muscat. Aliyewahi kufanya kazi Ghuba anajua ninachosema: nyimbo za Whitney Houston usiku kucha, na noti haianguki hata moja. Sibishi kwamba wanaimba. Ila kazi yangu ni kusimamia jukwaa, na kazi hii inakufundisha upesi kwamba waimbaji wazuri wako kila kona ya dunia na wengi wao hawana ajira. Kwa hiyo mimi huuliza swali la kikarani: nani anacheza Jumatano mchana?

Onyesho kubwa la muziki la London au New York huchezwa mara nane kwa wiki, yaani jioni sita na mchana mara mbili, mara nyingi mmoja ukiwa Jumatano. Nusu saa hivi kabla ya pazia kufunguliwa, kila mwigizaji awe ameshasaini kwenye orodha iliyobandikwa karibu na mlango wa nyuma. Pengo likionekana, msimamizi hana muda wa kusononeka. Anamwita mwigizaji wa akiba, fundi wa mavazi anakuja mbio na sindano mdomoni, na kikaratasi kinachomekwa ndani ya kijitabu cha watazamaji kuwajulisha nani leo anacheza nafasi ya nani. Nyuma ya kila jina lililoandikwa kwa taa kuna watu kadhaa wanaojua kila mstari, kila hatua na kila pumzi ya nafasi ile. Mikataba nayo ina mwisho: wa zamani wanaondoka, wapya wanaingia. Onyesho likidumu miaka kumi, nyota mmoja halimtoshi. Linataka watu wasiokwisha.

Miss Saigon lilikuwa onyesho la namna hiyo. Lilifunguliwa London Septemba 1989 katika ukumbi wa Theatre Royal Drury Lane likadumu hadi 1999. New York lilianza 1991 likafungwa 2001, baada ya maonyesho 4,092. Mhusika mkuu, Kim, ni msichana wa Kivietnam anayependana na askari wa Kimarekani vita ikielekea mwisho. Anaimba karibu usiku mzima, na kuna koo chache sana zinazohimili hayo mara nane kwa wiki. Kwa hiyo Kim alihitaji mwenzake wa zamu tangu mwanzo, na nyuma ya hao wawili akiba nyingine, na nyuma ya akiba kundi zima la waigizaji wa Kiasia.

Watayarishaji waliwakuta watu hao Manila mwaka 1988, na hawakuwakuta kwa bahati. Marekani iliitawala Ufilipino kuanzia 1898 hadi 1946, ikaacha Kiingereza madarasani na mapenzi ya maonyesho ya jukwaani ambayo wenyeji waliyafanya yao, wakayaita bodabil. Juu ya hayo kulikuwa na Repertory Philippines, kundi lililoanzishwa 1967 na Zenaida Amador na Baby Barredo, lililozoea kucheza kazi za Broadway, yaani kumbi kubwa za New York, kwa Kiingereza pale pale Manila. Lea Salonga, aliyekuja kuwa Kim wa kwanza, aliingia hapo akiwa na miaka saba. Alipokwenda kwenye usaili wa Miss Saigon alikuwa na miaka 17, na tayari alikuwa na miaka kumi ya jukwaa. Watu husimulia kwamba binti wa Manila aliokotwa akapelekwa London. Mimi naona mfanyakazi mzoefu aliyebadilisha mwajiri.

Salonga alichukua Olivier, tuzo kuu ya jukwaa Uingereza, 1990, kisha Tony, ile ya Marekani, 1991, mwanamke wa kwanza wa Kiasia kuipata kwa uigizaji. Hayo yanajulikana. Ninaowapenda zaidi ni waliokuwa kwenye orodha ya mlangoni. Monique Wilson, naye mtoto wa Repertory, alikuwa mbadala wa Salonga London, baadaye nafasi ikawa yake. Jon Jon Briones alikuwepo kwenye usaili wa Manila kama kijana wa kusaidia mambo madogo madogo, akajaribu bahati, akaingia kwenye kundi la waimbaji wa nyuma mwaka 1989. Mwaka 2014 onyesho liliporudi London, ndiye aliyepewa nafasi kubwa ya Injinia. Miaka 25 kutoka nyuma ya jukwaa hadi katikati, ndani ya kazi moja! Binti yake, Isa Briones, sasa ni mwigizaji wa televisheni Marekani. Wataalamu wa uhamiaji wana vitabu vizima kuhusu jambo hili. Kwenye fani yetu tunasema tu kwamba mlango ulikaa wazi muda wa kutosha.

Mlango wenyewe ulikuwa na bawabu. Nafasi hiyo ya Injinia, mtu mwenye damu ya Kizungu na ya Kivietnam, London ilichezwa kwanza na Jonathan Pryce, Mzungu wa Wales aliyepakwa rangi. Mwaka 1990 chama cha waigizaji cha Marekani kilipinga asiletwe New York, mtayarishaji Cameron Mackintosh akatishia kulifuta onyesho zima, chama kikarudi nyuma. Kisha chama hicho hicho kikamkatalia Salonga kwa sababu si raia, mpaka mwamuzi akatoa uamuzi kwamba aruhusiwe. Yaani Mzungu aliruhusiwa kumwigiza Mwasia, na Mwasia akahitaji mwamuzi.

Wafilipino hawakuanza 1989, lakini. Wanamuziki wao walikuwa wakipiga jazi Shanghai na Hong Kong miaka ya 1920 na 1930. Baadaye ikaja Japani: mwaka 2004 Wafilipino kama 80,000 waliingia huko kwa viza ya wasanii, wengi wao wanawake waliopelekwa kwenye vilabu vya usiku ambako kuimba kulikuwa sehemu ndogo ya kazi. Kwao walifanyishwa mtihani na kupewa kijitabu cha kuthibitisha kwamba ni wasanii. Baada ya Marekani kuikosoa Japani kuhusu biashara ya binadamu, viza ile ilibanwa mwaka 2005. Mwaka huo huo Disneyland ya Hong Kong ilifunguliwa, ikaajiri waimbaji na wachezaji wengi wa Kifilipino. Serikali ya Manila imejenga mfumo mzima wa kupeleka watu nje tangu sheria ya kazi ya 1974, na msanii hupita kwenye foleni ile ile na baharia na muuguzi.

Na muuguzi ndiye kikwazo cha nyumbani. Mtoto wa Kifilipino aliyezaliwa California au New Jersey akisema anataka kuigiza, anaulizwa lini ataanza masomo ya uuguzi. Wasomaji wangu walioko Minnesota, Marekani, na Reading, Uingereza, hawahitaji tafsiri. Princess Punzalan, nyota wa filamu na televisheni kwao, alihamia Marekani akasomea uuguzi akaufanyia kazi, huku akiigiza nafasi zinapotokea. Sisi tungesema alikuwa akibeba maboksi, ila boksi lake lilikuwa na leseni.

Kwenye filamu hakuna Jumatano mchana. Filamu haina akiba wala zamu. Inapigwa mara moja na kwisha. Ndiyo maana huko njia ilikuwa tofauti, na ngumu zaidi: hakuna nafasi ya kuingia mpaka uiandike mwenyewe.

Gene Cajayon alitengeneza The Debut, iliyoanza kuonyeshwa 2000, akiwa na mwigizaji Dante Basco, kuhusu kijana wa Kifilipino Marekani anayeona aibu ya nyumbani kwao. Hakuna kampuni iliyotaka kuisambaza kwa upana, basi wakaisambaza wenyewe, mji hadi mji. Watazamaji walikuwepo tayari. Kwenye vyuo vikuu vya California wanafunzi wa Kifilipino wamekuwa wakiandaa usiku wa utamaduni tangu miaka ya 1970, michezo mifupi, nyimbo, na tinikling, ngoma ya kuruka katikati ya mianzi miwili inayogonganishwa. Ukichelewa nusu pigo, kifundo cha mguu kinakiona. Vijana wengi hujifunza hapo kuuza tiketi kabla hawajajifunza kuigiza. Mimi ningewaajiri.

Diane Paragas alihangaika na Yellow Rose kwa miaka kama 15 mpaka ikatoka 2019. Ni kisa cha binti asiye na makaratasi Texas anayetaka kuimba muziki wa kantri. Binti huyo ni Eva Noblezada, aliyekuwa Kim wa London 2014 na wa Broadway 2017. Shangazi ni Lea Salonga, na mama anayekamatwa na uhamiaji ni Princess Punzalan. Orodha ya mlangoni imehamia kwenye filamu, unaona.

Lakini ukinishikilia nichague moja, ni Lingua Franca ya Isabel Sandoval, mzaliwa wa Cebu, Ufilipino. Aliiandika, akaiongoza, akaihariri na kuicheza mwenyewe, na mwaka 2019 ikaonyeshwa kwenye tamasha la filamu la Venice. Olivia ni mwanamke aliyebadili jinsia, Mfilipino asiye na makaratasi, anamtunza bibi wa Kirusi anayepoteza kumbukumbu huko Brighton Beach, Brooklyn, New York, huku akimlipa mwanamume kidogo kidogo ili amuoe apate kadi ya kijani, kibali cha kuishi Marekani. Hakuna kelele humo. Mtunza wazee, ambaye katika filamu nyingi hupita na trei akatoka, hapa ndiye anayetamani, anayeogopa na anayeamua. Mwongozaji wa Marekani Ava DuVernay aliichukua kupitia kampuni yake ya ARRAY, ikafika Netflix 2020.

Wengine wanafanya hivyo hivyo kwingineko. Uingereza, Paris Zarcilla aliifanya kazi ya ndani kuwa filamu ya kutisha: Raging Grace, mama anayemficha mwanawe ndani ya jumba la mwajiri, iliyoshinda tuzo kuu ya filamu za kubuni kwenye tamasha la SXSW, Texas, 2023. Kanada, Martin Edralin alimpa Rogelio Balagtas nafasi kuu katika Islands (2021), na huyo bwana ambaye hakuwahi kuigiza filamu akarudi na tuzo.

Sasa fedha. Mwaka 2023 Broadway ilipata kwa mara ya kwanza onyesho ambalo waigizaji wote ni wa asili ya Kifilipino, Here Lies Love, kuhusu Imelda Marcos, mke wa Ferdinand Marcos, dikteta wa zamani wa Ufilipino. Walilichezea kwenye ukumbi ule ule uliokuwa wa Miss Saigon New York, wakang'oa viti vya chini ili watazamaji wasimame kama disko. Muziki ulitungwa na David Byrne na Fatboy Slim, Wazungu wawili, lakini safari hii miongoni mwa watayarishaji walikuwemo wenye asili ya Kifilipino: Salonga, mwandishi wa habari Jose Antonio Vargas, mwimbaji H.E.R., mchekeshaji Jo Koy na mbunifu wa mavazi Clint Ramos. Liligharimu takriban dola milioni 22. Lilifunguliwa Julai na kufungwa Novemba. Jumuiya ilikuja, wengine kutoka majimbo ya mbali, lakini jumuiya huja mara moja. Onyesho la ukubwa huo linaishi kwa watalii, na mtalii wa Ohio hakujua Imelda ni nani. Wapo waliosema tatizo ni siasa zake, kwamba lilimlainisha dikteta. Hoja ina uzito, ila nikitazama hesabu, naona viti vitupu.

Miaka miwili baadaye, Juni 2025, tuzo za Tony za mwigizaji bora wa kiume na wa kike kwenye maonyesho ya muziki zilikwenda kwa Darren Criss, ambaye mama yake anatoka Cebu, na Nicole Scherzinger, ambaye baba yake ni Mfilipino. Mmoja alicheza roboti wa Seoul, mwingine nyota mzee wa Hollywood. Wazee wa fani walishangilia, vijana wakauliza nafasi ya Mfilipino mwenyewe iko wapi. Mimi niko upande wa vijana, ingawa naelewa kwa nini muigizaji aliyechoka kucheza yaya atafurahi kupewa roboti.

Anayetaka kuanza kutazama aanze na Lingua Franca. Raging Grace aiweke usiku, watoto wakishalala, na kama ana yaya ndani ya nyumba amwalike akae naye sebuleni.