Karanga Ngapi kwa Panya Mmoja? Maswali na Majibu Kuhusu Vionjo vya Panya wa Kufugwa

Ukisema unafuga panya, nusu ya wanaokusikiliza watakuuliza kama paka waliisha. Basi tuelewane kwanza: tunayemzungumzia hapa ni panya mweupe au wa mabaka, uzao wa panya wa kahawia (Rattus norvegicus) aliyezoeshwa kuishi na watu kizazi baada ya kizazi. Yule wa darini anayetafuna magunia si huyu, wala usimkamate umfuge.

Nikimlisha peleti peke yake, namnyima kitu?

Kwa upande wa virutubisho, kama peleti (vidonge vya chakula kilichosagwa na kushindiliwa) ni nzuri na zimetengenezwa kwa ajili ya panya, hapana. Panya mzima anahitaji protini ya kama asilimia 14 hadi 16, wadogo na wanaonyonyesha zaidi ya hapo, na vitamini C anajitengenezea mwenyewe mwilini. Anachokosa ni kazi. Panya ameumbwa kutafuta, kunusa, kubeba na kuficha. Ukimwekea bakuli lilelile kila siku, shibe anaipata ila siku yake haina shughuli. Ndiyo maana karoti iliyofichwa ndani ya kasha la karatasi ina faida kuliko karoti hiyohiyo ikiwekwa bakulini.

Mchanganyiko wa mbegu ni jambo jingine. Panya huokota alizeti na karanga, akaacha zile zisizo na mafuta, kama mtoto anayechagua nyama akaacha ugali. Ukijaza tena bakuli kabla hajamaliza, umemfundisha kuchagua.

Huku kwetu peleti za panya hazipatikani madukani. Nimpe ugali?

Ugali mtupu hautoshi, kwa sababu protini ya mahindi ina upungufu wa laisini, kiungo ambacho mwili unakihitaji kujijenga. Changanya nafaka zisizokobolewa (mtama, ulezi, uwele), kunde au dengu zilizoiva vizuri, na dagaa waliooshwa chumvi, ambao mifupa yao humpa kalisi. Pika, saga pamoja, tandaza, kausha, kata vipande. Faida ya kusaga ni kwamba hapo hawezi kuchagua. Siyo sawa kabisa na peleti, kwa hiyo ukiwa karibu na chuo kinachofuga panya wa maabara, ulizia chakula chao. Usitumie chakula cha kuku, maana mara nyingine huwekwa dawa za kuzuia magonjwa ya kuku. Peleti za sungura nazo zina nyuzinyuzi nyingi kupita mahitaji ya panya.

Kionjo, yaani kitu kidogo kitamu nje ya chakula chake cha kila siku, kiwe kiasi gani kwa siku?

Hapa ndipo wengi wanapoharibu, na wanaharibu kwa mapenzi. Panya mzima hula gramu 15 hadi 20 za chakula kikavu kwa siku. Ukifuata kanuni ya wafugaji wengi kwamba vionjo visizidi sehemu moja ya kumi, unabaki na gramu 2. Punje tatu za karanga, basi, hesabu imekwisha. Na karanga ina mafuta karibu nusu ya uzito wake, kwa hiyo mimi nisingefika hata hizo tatu. Moja inatosha, tena siyo kila siku.

Mboga zenye maji mengi kama tango au brokoli zina nafasi kubwa zaidi, kipande cha ukubwa wa kidole gumba hakitamdhuru. Ndizi iko katikati, kwa sababu ya sukari: kipande chembamba kama sarafu.

Hofu ya unene si ya urembo. Panya mnene hupata vidonda vya nyayo kwa kubeba uzito kwenye sakafu ngumu. Majike wa panya, ambao uvimbe wa matiti huwapata sana hata bila hivyo, hupata mwingi zaidi wakilishwa kupita kiasi. Mwaka 1935 Clive McCay na wenzake wa Chuo Kikuu cha Cornell, Marekani, walionyesha kwamba panya waliopunguziwa chakula bila kunyimwa vitamini na madini waliishi muda mrefu kuliko waliokula walivyotaka. Huna haja ya kumnyima hivyo nyumbani, lakini kwa mnyama anayeishi miaka miwili hadi mitatu tu, kila mwezi ni mkubwa.

Mbona wale panya wa Morogoro hulishwa ndizi na karanga na wanafanya kazi nzito?

Swali zuri. Wale ni panya buku, jamii nyingine kabisa: wana vifuko mashavuni, uzito wa kilo moja na zaidi, na wanaweza kuishi hadi miaka 8. Shirika la APOPO huwafundisha katika Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo kunusa mabomu ya ardhini na vimelea vya kifua kikuu kwenye makohozi. Mmoja wao, Magawa, aliyezaliwa Tanzania akafanya kazi Kambodia, alipewa medali ya dhahabu na PDSA, shirika la kutibu wanyama la Uingereza, mwaka 2020.

Tazama wanavyolipwa, maana pale ndipo pa kujifunza. Panya akipatia, husikia mlio mdogo wa kidude cha mkononi, kisha analamba tone la ndizi iliyopondwa na karanga. Ni tone, siyo ndizi nzima. Kionjo pale ni ujira: kinatolewa baada ya kazi, na kinatolewa kidogo ili mfanyakazi asishibe kabla ya saa sita. Na wewe unaweza kufanya hivyohivyo nyumbani. Mpe anapokuja ukimwita, anapokubali kushikwa, anapoingia mwenyewe kwenye kasha la kusafiria. Ukimpa kwa kupitisha vidole kwenye nyavu za tundu, utakuwa umemfundisha kung'ata kila kinachopita pale, na kesho yake kitapita kidole cha mtoto.

Vyakula gani vya nyumbani vinafaa?

Sukuma wiki, brokoli, karoti, boga lililopikwa, njegere, tango, papai, tikiti. Yai la kuchemsha, kipande kidogo, mara moja moja. Mfupa wa kuku uliopikwa bila chumvi wenye nyama kidogo huwa sikukuu. Kumbikumbi pia! Mvua zikianza wakimiminika, panya atakushukuru kuliko kwa kitu chochote cha dukani, mradi usiokote mahali palipopuliziwa dawa ya wadudu.

Na visivyofaa?

Mihogo mibichi, kwa sababu ya sianidi. Usijiulize ni mitamu au michungu. Maharage mabichi, ambayo sumu yake huisha kwa kuchemshwa hasa, siyo kwa kulowekwa tu. Viazi vilivyogeuka kijani. Chokoleti, hasa nyeusi. Soda na pombe. Vyakula vya chumvi nyingi kama kachori na krispi za dukani.

Kuna kingine ambacho watu hawakitarajii: siagi ya karanga. Si sumu, ila inanata, na panya hawezi kutapika. Donge likikwama kooni hana njia ya kulirudisha. Paka utando mwembamba juu ya kipande cha tango, hapo hakuna shida.

Zile karanga zilizonyauka na kuota ukungu, ambazo hatuli sisi, je, siwezi kumpa yeye?

Hapana, na jibu hili nalisema kwa ukali kidogo. Tuna mazoea ya kuchambua mahindi na karanga, nzuri za watu, mbovu za wanyama. Ukungu wa aina fulani hutoa sumukuvu, na ile iitwayo aflatoksini hushambulia ini. Haiondoki kwa kukaanga wala kupika. Mwaka 2004 mahindi yenye sumu hiyo yalisababisha watu 317 kuugua mashariki mwa Kenya, wakiwemo wa Makueni na Kitui, na 125 kati yao wakafa. Panya ni miongoni mwa wanyama wanaodhurika nayo kwa urahisi mno. Punje usiyoweza kumpa mtoto wako, itupe, na usiitupe kwa kuku wa jirani.

Nimesikia chungwa linaleta saratani kwa panya. Kweli?

Kuna ukweli ndani yake, umekuzwa. Utafiti wa serikali ya Marekani uliochapishwa mwaka 1990 ulionyesha kwamba limoneni, mafuta yaliyomo kwenye ganda la chungwa, yalisababisha uvimbe wa figo kwa panya dume. Lakini walipewa mafuta yenyewe, kwa dozi kubwa, kwa muda mrefu. Chanzo ni protini iliyo nyingi kwa panya dume, na binadamu hayumo katika hesabu hiyo. Kwa hiyo dume asipewe maganda. Jike anaweza kuonja nyama ya chungwa kidogo.

Nimemletea brokoli, amenusa akaondoka. Nimlazimishe?

Usimlazimishe. Kiumbe asiyeweza kutapika lazima awe na wasiwasi na kitu kigeni: hung'ata kidogo, husubiri saa kadhaa, akijisikia vibaya hakirudii tena. Ndiyo sababu kuwamaliza wale wa darini kwa sumu ni kazi ngumu. Wewe mpe kidogo, siku tatu nne mfululizo. Ikiwa una wawili, kama inavyotakiwa, anza na yule asiye na woga. Mwenzake atamnusa mdomo, na harufu ya chakula kwenye pumzi ya panya mwenzake ndiyo hati ya uhakika. Jambo hili limepimwa maabara mara nyingi.

Anahara tangu nimpe papai. Na mwingine anatoka damu machoni.

Kwa anayehara, ondoa vyakula vyote vya majimaji kwa siku moja au mbili, abaki na chakula chake kikavu na maji. Asipotulia, nenda kwa daktari wa mifugo. Ile "damu" kwa kawaida si damu. Ni ute mwekundu wa tezi iliyo nyuma ya jicho, unaoongezeka panya akiwa na msongo au ugonjwa. Chakula si chanzo cha kwanza cha kufikiria. Msikilize anavyopumua.

Sisi watu wa nyumbani tuna hatari gani?

Kunawa mikono kwa sabuni kila baada ya kumshika au kusafisha tundu, na kutotumia visu na sufuria za jikoni kwa chakula chake, kunapunguza sehemu kubwa. Mabaki ya mboga yaondoe kabla ya kulala. Yakibaki, yanawaita panya wa nje, na hao ndio wanaoleta viroboto, na mkojo wenye leptospira (bakteria wanaougua watu wakiwaingia). Wakazi wa Lushoto, Tanzania, ambako tauni ilizuka mwaka 1980, hawahitaji kuelezwa habari ya viroboto vya panya.

Aking'ata, osha jeraha kwa maji mengi yanayotiririka na sabuni. Ikiwa siku chache baadaye, au hata wiki mbili tatu, itakuja homa, maumivu ya viungo na vipele, usiridhike na kipimo cha malaria kilichotoka hasi. Kuna homa inayotokana na kung'atwa na panya, na inatibika kwa penisilini. Mwambie daktari kwamba mnafuga panya. Yeye hatakuuliza.