Maji ya gesi yenye ladha: ni nini, na je, yanafaa afya?

Maji ya gesi yenye ladha ni maji ya kunywa yaliyoingizwa gesi ya kaboni dioksidi kwa shinikizo, kisha yakatiwa harufu ya tunda: limau, embe, marakuja. Sehemu ndogo ya gesi hugeuka asidi ya kaboniki, nayo ndiyo inayochoma ulimi kidogo. Mkaaji wa Goma anaijua gesi hii kwa sura nyingine. Ndiyo iliyoyeyuka vilindini mwa Ziwa Kivu, na ndiyo mazuku inayojikusanya mashimoni na kuua mbuzi na watu. Chupa haina hatari hiyo: mazuku huua kwa sababu mtu anaivuta puani mahali ambapo hewa safi imesukumwa nje, lakini gesi ya kinywaji huingia tumboni na kutoka kwa mbweu.

Gesi yenyewe, basi, haidhuru mtu mzima mwenye tumbo zima. Haikaushi mwili, maji haya hukata kiu sawa na maji matulivu. Haili mifupa pia. Hofu hiyo ilitokana na kola: uchunguzi uliofanywa Marekani na kutolewa mwaka 2006 ulikuta wanawake wanywaji wa kola wana mifupa hafifu zaidi nyongani, ila vinywaji vingine vya gesi havikuonyesha jambo hilo.

Swali la kweli ni kitu gani kimetiwa pamoja na gesi. Geuza chupa usome kibandiko, ambacho katika butike zetu mara nyingi ni cha Kifaransa. Ukikuta “eau, dioxyde de carbone, arôme naturel” (maji, kaboni dioksidi, ladha ya asili) na basi, hayo ni maji. Ukikuta “sucre” (sukari) au “sirop de glucose-fructose” (shira ya sukari), umeshika sucré nyepesi, yaani soda, hata kama mbele pameandikwa “eau” na kuchorwa jani la kijani. Angalia mstari wa “sucres” kwa ml 100, kisha zidisha. Gramu 4.5 kwa ml 100, katika chupa ya ml 500, ni gramu 22.5 za sukari, yaani zaidi ya vijiko 5 vya chai. Shirika la Afya Duniani linashauri sukari ya kuongezwa isizidi gramu 50 hivi kwa siku kwa mtu mzima, na ingefaa zaidi ikiwa chini ya 25. Kopo la kola la ml 330 lina takriban gramu 35. Kwa hiyo anayeacha sucré na kushika maji ya gesi yasiyo na sukari amefanya jambo kubwa, na tunamtia moyo bila kusita. Tonic, kile kinywaji cha gesi chenye uchungu wa kwinini, isikudanganye: ni angavu kama maji, lakini ile ya kawaida ina sukari nyingi.

Yasipokuwa na sukari, bado kuna meno. Ngozi ngumu ya jino huanza kuyeyuka pale pH, yaani kipimo cha asidi ambacho kikishuka asidi huwa kali zaidi, inaposhuka chini ya 5.5 hivi. Maji ya gesi matupu huwa kati ya 4 na 5, na mate huyatuliza upesi. Yenye ladha ya limau au chungwa hutiwa “acide citrique” (asidi ya limau, E330), na yanaweza kufika karibu na 3. Kola iko kwenye 2.5. Kinachoharibu zaidi ni kunywa funda moja moja kutwa nzima, maana mate hayapati nafasi ya kurekebisha. Kunywa pamoja na chakula, maliza, halafu ngoja nusu saa kabla ya kupiga mswaki.

Vitamu visivyo sukari, kama aspartame (E951) na sucralose (E955), vinaruhusiwa kwa kiasi. Hata hivyo, mwaka 2023 Shirika la Afya Duniani lilishauri watu wasivitegemee kupunguza uzito. Mwenye shinikizo la damu atazame “sodium”: chini ya mg 20 kwa lita ni kidogo, maji mengine ya madini hupita mg 1,000. Mwenye kiungulia au tumbo linalojaa hewa apunguze au aache.

Jambo moja tunalisisitiza kwa miji yetu inayojua kipindupindu: gesi haichukui nafasi ya kuchemsha. Chupa iliyofungwa kiwandani ikitiwa barafu ya maji ya ziwa, usalama wake umekwisha. Wala mwenye kuhara asipewe maji ya gesi wala sucré badala ya SRO, ile dawa ya unga ya chumvi na sukari ya kurudisha maji mwilini. Pakiti ya kawaida huchanganywa katika lita 1 ya maji safi yasiyo na gesi.

Ukitaka ladha ya nyumbani, nunua maji ya gesi matupu na uyapoze vizuri. Maji baridi hushika gesi zaidi, na kwa kimo cha Goma, mita 1,500 hivi, chupa iliyokaa juani humwaga povu ikifunguliwa. Kwa lita 1, weka jagini vipande vinne au vitano vyembamba vya tangawizi na majani machache ya nanaa, vyote vikiwa vimeoshwa kwa maji safi, kisha mimina polepole ukiinamisha jagi. Limau na marakuja ni tamu puani, lakini huongeza asidi. Viache kwa wakati wa chakula. Funika, weka kwenye friji dakika 20, na unywe siku hiyohiyo.