Uhawilishaji wa teknolojia ndo nini hasa? Tuanzie kwenye bani la tumbaku

Kila ikitajwa habari ya mwekezaji wa nje anajenga kiwanda cha dawa utasikia "ajira pamoja na uhawilishaji wa teknolojia", watu makofi. Juzi kijiweni hapa Tabora mzee mmoja akaniuliza, mwanangu, hilo neno la pili maana yake nini?

Ni hivi, mgeni anakuja na mtaji na ujuzi, na ule ujuzi unabaki kwa wenyeji, yaani hata akifunga mizigo kesho kazi inaendelea. Akija na mafundi wake sie tukabeba maboksi, ajira ipo, ujuzi haujahama.

Angalia tumbaku. Tunalima, tunakausha kwenye mabani, mzigo unaenda kuchakatwa Morogoro, sigara zinatengenezwa Dar. Dawa ni hivohivo ila kwa kugeuza, kile chenyewe kinachotibu, wanakiita kiambata hai, mara nyingi kinatoka India au China kikiwa unga, halafu kiwanda cha hapa kinachanganya, kinagandamiza vidonge na kupaki. Sio kazi ya mchezo, inataka mfamasia, mkemia wa kupima ubora, fundi mashine, na TMDA (mamlaka ya serikali ya kudhibiti dawa na vifaa tiba) wanakagua, ila unga ukichelewa melini mashine zinalala. Mzee akasema kumbe bani letu, tumbaku ya watu!

Kuna waliovuka hapo kidogo. Mwaka 2003 Sumitomo Chemical ya Japani iliwapa A to Z, kiwanda cha neti cha Arusha, teknolojia ya kuchanganya dawa ya mbu ndani ya uzi wenyewe wa neti, bila kuwadai hela ya leseni, na kiwanda kikaajiri maelfu, wengi wao kina mama (ile dawa yenyewe ilikuwa bado inatoka Japani lakini).

Upande wa utafiti ndo unanifurahisha zaidi. Chanjo ya malaria ya RTS,S ya kampuni ya GSK, majaribio yake makubwa yalianza 2009, na kwa hapa nchini yalifanyika Bagamoyo na Korogwe, wakahitajika manesi, watu wa maabara, watu wa data, hadi wa kuzunguka vijijini kufuatilia watoto. Sasa ilipokuja chanjo nyingine ya malaria, R21 ya Chuo Kikuu cha Oxford, Bagamoyo hawakuanza sifuri, maabara ipo na Taasisi ya Afya Ifakara, wenye kituo cha utafiti hapo, walishaijua kazi.

Kwa hiyo mwekezaji akifika kwetu mi nitamuuliza tu, mashine ikiharibika mwaka wa tano, fundi anatoka Ipuli hapahapa Tabora au anapanda ndege?