Sonona kwa kijana, mzazi na mzee: maswali yanayoulizwa sana Nyanda za Juu Kusini

Bei ya viazi imeanguka na mkopo haujaisha. Nawaza usiku kucha. Ni sonona?

Huenda siyo. Mawazo ya hasara mara nyingi hupungua mambo yakianza kunyooka. Sonona hudumu wiki 2 au zaidi: karibu kila siku mtu ana huzuni, au hana hamu hata na vitu alivyovipenda, na pamoja na hayo usingizi unavurugika, chakula hakipiti, mwili umechoka, anajiona hafai. Mkulima wa Uyole anayeacha magugu yameze shamba wakati wenzake wanapalilia huitwa mvivu. Muulizeni kwanza analalaje.

Binti yangu wa kidato cha pili hana huzuni, ila ana hasira na kichwa kinamuuma kila siku.

Kwa vijana sonona huja sana kwa sura hiyo: hasira, tumbo au kichwa kuuma, alama kushuka, kujitenga. Shirika la Afya Duniani linasema takriban theluthi moja ya matatizo ya afya ya akili huanza kabla ya umri wa miaka 14, na nusu kabla ya miaka 18. Mpime malaria, lakini vipimo vikiwa safi usiishie hapo. Viboko havitibu hili.

Mke wangu amejifungua salama, lakini analia tu. Mama anasema anadeka.

Kulia siku za mwanzo huwapata wazazi wengi na huisha kwenyewe. Zikipita wiki 2, hadeki, anaumwa.

Kinachoniuma ni kliniki zetu. Mtoto anapimwa uzito, kadi inajazwa, anaitwa anayefuata, na mama hajaulizwa lolote. Tangu 1987 lipo dodoso lililotungwa Edinburgh, lenye maswali 10 kuhusu siku 7 zilizopita: umeweza kucheka? Umejilaumu bila sababu? Umewaza kujidhuru? Halimalizi hata dakika 5. Basi wewe baba nenda naye, umwambie muuguzi unachokiona nyumbani. Akianza kusikia sauti, au kusema mtoto si wake, mpeleke hospitali siku hiyohiyo.

Na bibi aliyenyamaza tangu azike mwanawe?

Njombe na Iringa, ambako VVU imeumiza kaya nyingi, bibi wengi wamezika watoto na sasa wanalea wajukuu. Ukimya wao unaitwa uzee. Lakini uzee hauleti sonona kama unavyoleta mvi, na hata kusahausahau wakati mwingine kunatokana na sonona, na kunatibika.

Kijijini hatuna daktari wa akili. Kuongea tu kunasaidia?

Kuongea kwa mpangilio, ndiyo. Harare, Zimbabwe, Dk. Dixon Chibanda alianza mwaka 2006 kuwafundisha akina bibi, wahudumu wa afya wa jamii, kukaa na wagonjwa kwenye benchi nje ya kliniki. Bibi hahubiri. Anamwacha mtu ataje shida zake zote, wanachagua moja, wanapanga hatua ndogo ya wiki hiyo, kisha anarudi kueleza imekwendaje. Utafiti wa watu 573, uliochapishwa 2016, ulionyesha kwamba baada ya miezi 6 takriban asilimia 14 ya waliokaa na bibi ndio waliobaki na dalili za sonona, dhidi ya karibu asilimia 50 ya wenzao waliopata huduma ya kawaida.

Rungwe na Mufindi wapo wahudumu wa afya ngazi ya jamii wanaojua kila kaya. Kazi hii wanaiweza kabisa wakifundishwa na kusimamiwa.

Dawa zitanifanya teja?

Hapana. Za sonona huchukua wiki 2 hadi 4 kuonyesha nguvu, kwa hiyo usikate tamaa mapema, wala usiziache ghafla ukipata nafuu.

Ndugu yangu anasema amechoka kuishi.

Muulize waziwazi kama anafikiria kujiua. Swali hilo halimpandikizii wazo. Usimwache peke yake, na dawa ya wadudu ya nyanya au kahawa iliyo chini ya kitanda ihamishie kwa jirani leo. Sri Lanka ilipopiga marufuku viuatilifu vyenye sumu kali zaidi, vifo vya kujiua vilipungua sana. Kisha mpelekeni hospitali ya wilaya; wao watampa rufaa ya mkoa au ya Kanda Mbeya ikibidi, na mmoja wenu alale naye huko.