Dhamana ya zabuni ni nini?

Dhamana ya zabuni ni ahadi ya maandishi ya benki au kampuni ya bima kwamba mkandarasi akijiondoa kabla muda wa zabuni yake haujaisha, akikataa kutia saini mkataba baada ya kushinda, au asipoleta dhamana ya utekelezaji (ahadi nyingine ya namna hiyo, kwamba kazi itafanywa kama ilivyokubaliwa), mdhamini atailipa taasisi iliyotangaza kazi kiasi kilichoandikwa. Nchini Kenya, sheria ya ununuzi wa umma ya mwaka 2015 hairuhusu kiasi hicho kizidi asilimia 2 ya thamani iliyokadiriwa na taasisi, kwa hiyo ujenzi wa madarasa unaokadiriwa shilingi milioni 50 hauwezi kudaiwa dhamana inayopita milioni 1. Zabuni zilizotengewa vijana, wanawake na watu wenye ulemavu hazidaiwi dhamana hiyo. Wao hujaza fomu ya tamko.

Wakandarasi wachanga wengi huichukulia hati hii kuwa bima, na hapo ndipo wanapoumia. Bima humkinga anayelipa ada, lakini dhamana humkinga mwenye mradi, na mdhamini akishalipa humgeukia mkandarasi amrudishie fedha zote.

Hata hivyo, zabuni nyingi huangushwa na hesabu ya siku. Masharti yakitaka zabuni idumu siku 120 na dhamana iendelee siku 30 zaidi, hati inayokwisha siku ya 149 imepungua, hata kama bei yako ndiyo ya chini kuliko zote. Kifungu cha 79 cha sheria hiyo husamehe kasoro ndogo zisizogusa kiini cha zabuni, lakini upungufu huu ni vigumu kuupitishia hapo, kwa kuwa anayesamehewa hupata nafasi ambayo wenzake waliolipia siku zote hawakuipata. Ni msimamo mkali, lakini kwangu ni wa haki. Kabla hujaondoka dirishani benki, hesabu siku kwenye kalenda, moja baada ya nyingine, ukianzia tarehe iliyotajwa katika nyaraka. Asiyeridhika na uamuzi wa taasisi ana siku 14 tu za kufika mbele ya bodi ya mapitio, inayosikiliza malalamiko ya zabuni, nayo huamua ndani ya siku 21.

Dhamana ya utekelezaji, isiyozidi asilimia 10 ya bei ya mkataba, ina hatari yake katika maneno "italipwa pindi itakapodaiwa". Mahakama ya Rufaa ya Uingereza, katika shauri la mwaka 1977 kuhusu nyumba za kioo za kukuzia mimea zilizokuwa zijengwe Libya, ilishikilia kwamba benki hulipa dhamana ya namna hiyo bila kuuliza nani amevunja mkataba, isipokuwa pale penye ulaghai ulio dhahiri. Mkandarasi asiye na kosa atabaki na haki ya kudai, lakini ataidai fedha zikiwa zimekwisha kutoka.