Amejaribu kujiua kwa njia ya ajabu: je, ni ugonjwa wa akili?

Ndugu yetu alijaribu kujiua kwa namna iliyowashangaza hata wauguzi. Ndiyo kusema amerukwa na akili?
Si lazima. Wengi wanaojaribu kujiua wana ugonjwa wa akili, hasa sonona, lakini wapo wanaofikishwa hapo na pombe, maumivu yasiyoisha au janga la ghafla. Hata hivyo, njia isiyo ya kawaida humfanya daktari achunguze zaidi kama kuna saikosisi, yaani hali ya mtu kusikia, kuona au kuamini yasiyokuwepo.

Saikosisi humfikishaje mtu huko?
Wengine husikia sauti zinazowaamuru wajidhuru. Wengine huamini wanawindwa, au kwamba wana dhambi isiyosameheka. Ndiyo maana daktari huuliza: “Unasikia sauti? Inakwambia nini? Unaweza kuikatalia?” Swali hilo la mwisho ndilo zito.

Lakini msidhani hatari huisha sauti zikinyamaza. Takriban watu 5 kati ya 100 wenye skizofrenia, ugonjwa wa akili wa muda mrefu unaoleta saikosisi, hufa kwa kujiua, na wengi wao si kwa amri ya sauti. Mtu ametulia, ameanza kuelewa anaumwa nini, kisha anakata tamaa. Ndugu huona amepona, kumbe ndipo anapohitaji mtu wa karibu.

Mbona njia yenyewe isingemuua? Si alitaka kuonewa huruma tu?
Kauli hii huwaumiza sana wagonjwa. Hatari ya njia haipimi nia: huenda yeye aliamini kabisa kuwa atakufa. Shirika la Afya Duniani linataja kuwahi kujaribu kujiua kuwa miongoni mwa viashiria vikubwa vya hatari ya baadaye. Hata hivyo, wengi wanaonusurika hawafi kwa kujiua.

Tukimuuliza, hatutampa wazo?
Hapana. Muulizeni waziwazi: “Unafikiria kujiua?” Kisha nyamazeni, mumsikilize.

Anatibiwaje?
Hutegemea ugonjwa. Kwa skizofrenia yenye hatari ya kujiua ipo dawa ya klozapini, iliyoidhinishwa Marekani kwa lengo hilo mwaka 2002. Inaweza kushusha chembe nyeupe za damu, kwa hiyo huambatana na vipimo vya mara kwa mara. Dawa ya lithiamu hutumika kwa magonjwa ya hisia, yaani yanayovuruga furaha na huzuni ya mtu, nayo kiwango chake katika damu hupimwa, kwani dozi ikizidi kidogo tu inadhuru. Mazungumzo ya tiba nayo yana nafasi yake.

Akisharuhusiwa?
Wiki za kwanza baada ya kutoka wodini ni za hatari kubwa. Ombeni miadi ya karibu kabla hajatoka. Dawa zitunzwe na mtu mwingine. Na jinsi alivyojaribu msiisimulie wala kusambaza picha. Mtu mwingine aliyekata tamaa anaweza kuiga. Akisema anataka kufa sasa, msimwache peke yake: mpelekeni idara ya dharura.